Shosho Ananiita kwa Jina la Guka: Maisha na Dimenshia Kwenye Keja ya Vyumba Viwili

"Zima hiyo taa. Watatuona."

Ilikuwa saa moja jioni, Kayole. Mathe alikuwa bado hajarudi kutoka Gikomba. Mimi nilikuwa nakatakata sukuma. Shosho alikuwa amesimama nyuma ya pazia, leso kichwani, viatu mkononi, ananong'ona kwa Kikuyu kwamba askari wako njiani, na atakayepatikana nje baada ya kafyu hatarudi.

Nje kulikuwa na matatu inapiga honi, jamaa wa smokie na watoto wa ploti wakicheza kati. Hakukuwa na askari hata mmoja.

Nilifanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nilimwambia ukweli. "Shosho, hii ni Kayole. Hakuna kafyu. Mzungu alienda kitambo." Akaniangalia kama mtu anayemwangalia msaliti. Akaanza kulia. Akaenda kwa swichi kuzima taa mwenyewe, nikamzuia, akanipiga kofi. Na mimi nikampigia kelele. Nilimpigia kelele shosho yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimeifuta sentensi hiyo mara tatu. Naiacha kwa sababu najua kuna msee anasoma hii akiwa na mzee kama huyo nyumbani, na jana usiku alipiga kelele pia.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba Shosho hakuwa anatunga. Alizaliwa Murang'a karibu mwaka wa 1943. Mkoloni alitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu wa kule walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mitaro yenye miti iliyochongwa ncha. Kafyu ilikuwa kweli. Askari walikuwa kweli. Shosho alikuwa msichana wa miaka kama 11. Kwa hivyo jioni ile alikuwa anakumbuka. Tatizo ni kwamba ubongo wake haukuwa tena na uwezo wa kumwambia kwamba hayo yalipita.

Utani uliotuficha dalili

Kwetu Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndio maana mimi nina jina la Guka, aliyekufa kabla sijazaliwa. Na ndio maana tangu nikiwa mdogo Shosho amekuwa akiniita mume wake. "Bwana yangu, umekula?" Watu wanacheka, mimi naona aibu, maisha yanaendelea.

Sasa hebu fikiria. Mtu ambaye amekuita mume wake kwa utani miaka ishirini, utajua aje siku ambayo hatanii?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilirudi nyumbani kutoka kibarua, akaniuliza, "Bwana yangu, mbona umerudi mikono mitupu? Kiwanda hakijalipa kahawa?" Tukacheka, mimi na mathe. Yeye hakucheka. Alinisubiri nijibu.

Tukiangalia nyuma, dalili zilikuwa kibao. Alikuwa anauliza swali moja mara nne kabla chai ipoe. Alipika githeri, shughuli aliyoifanya maisha yake yote, akasahau maharagwe. Alitumia mtu asiyemjua pesa kwa M-Pesa mara mbili kwa sababu sauti kwenye simu ilimwita "mama". Aliacha kuenda chama cha kanisani, akisema hao wamama wanamwibia. Kumbe alikuwa anasahau alikoweka pesa zake, na badala ya kusema "nimesahau", ubongo ulimpa jibu rahisi zaidi: kuna mwizi.

Sisi tulisema ni uzee. Shangazi akasema amerogwa kwa sababu ya shamba. Mchungaji akasema tufunge siku tatu. Tulifunga. Siku ya nne alipotea.

Saa tano za kumtafuta

Alitoka asubuhi akisema anaenda mtoni kuteka maji. Kayole, mto? Nilidhani anaongea tu, nikaendelea na simu yangu. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi.

Tulimtafuta saa tano. Mwishowe picha yake ilizunguka kwenye grupu ya WhatsApp ya vijana wa boda, na mmoja akampata karibu na steji ya Njiru, ameketi kwa kibanda cha mama mboga. Huyo mama alimwona akipita mara tatu, mguu mmoja ndara na mwingine kiatu cha kanisani. Akamwita, akampa chai, akamketisha. Hakumuuliza maswali mengi. Mama huyo hajui kwamba alituokoa, kwa sababu siku hiyo nililia nikasahau hata kumuuliza jina.

Zahanati ya kwanza tuliyoenda, jamaa hakumwangalia hata usoni. "Ni uzee, mpelekeni ushago apumzike." Akaandika dawa za maumivu.

Kwa bahati, rafiki ya mathe alitusukuma tuende kwa daktari mwingine. Huyu alitumia karibu saa nzima. Alimwambia Shosho maneno matatu ayakumbuke, na baada ya dakika chache hakukumbuka hata moja. Akamwomba achore uso wa saa. Alichora duara zuri kabisa, kisha namba zote 12 akazijaza upande mmoja, kama abiria kwenye matatu yenye kiti kimoja.

Kisha wakatoa damu na mkojo. Sikujua kwa nini, na hapa ndipo nataka mtulie kidogo. Kuna vitu vinavyofanana na dimenshia na vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, maambukizi ya mkojo, sonona, hata dawa zinazogongana mwilini. Mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tu, kisa ni maambukizi ya mkojo. Ukisema "ni uzee" ukamwacha, unaweza kumzika mtu aliyehitaji dawa ya wiki moja.

Kwa Shosho hayo yote hayakuwepo, isipokuwa presha ambayo hatukujua anayo. Daktari alisema inaonekana ni Alzheimer, labda ikichanganyika na uharibifu wa mishipa midogo ya damu kichwani.

Ni nini hasa?

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali: kumbukumbu, fikra, lugha na tabia vinaharibika mpaka mtu hawezi kuendesha maisha yake mwenyewe. Magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndiyo inayoongoza. Inaitwa hivyo kwa sababu ya Alois Alzheimer, daktari Mjerumani ambaye mwaka wa 1901 alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa anapoteza kumbukumbu. Mwanamke huyo alipokufa mwaka wa 1906, Alzheimer alichunguza ubongo wake kwa darubini akaona uchafu wa protini umejikusanya kati ya seli na nyuzi zimejisokota ndani ya seli zenyewe.

Kwa hivyo huu ni ugonjwa wa mwili kama kisukari. Unaonekana kwa darubini. Haukuletwa na jirani.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa hipokampasi. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi mambo mapya. Kwa Alzheimer, hiyo huwa kati ya sehemu za kwanza kuumia. Fikiria simu ambayo haiwezi tena kusevu picha mpya, lakini ukifungua gale, picha za zamani ziko. Ndiyo sababu Shosho hajui alikula nini asubuhi, lakini anajua kafyu ya 1954 ilianza saa ngapi. Ndiyo sababu pia Kiswahili chake kinapungua kila mwezi na Kikuyu cha utotoni kinabaki.

Na si lazima uwe mzee sana, wala si lazima ianze na kusahau. Bruce Willis, yule wa sinema za Die Hard, familia yake ilitangaza mwaka wa 2023, akiwa na miaka 67, kwamba ana aina inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo. Kwake lugha ndiyo iliyoanza kupotea.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, na zaidi ya nusu yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani huku kwetu.

Neno "mchawi" linaua

Shangazi aliposema Shosho amerogwa, nilikasirika. Baadaye nikagundua kwamba tulikuwa na bahati, kwa sababu angalau hakusema Shosho ndiye anaroga.

Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa huko Kisii wakiitwa wachawi. Wengi walikuwa wazee. Oktoba 2021, kina mama wanne wazee waliuawa Marani, Kisii hiyohiyo, kwa tuhuma hizohizo. Pwani, Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba.

Sisemi wote walikuwa na dimenshia. Lakini angalia vitu watu husema wakitaka kuthibitisha uchawi: anatembea usiku, anaongea peke yake, alipatikana kwa boma la watu na hawezi kueleza alifikaje, anavaa nguo visivyo. Manze, hiyo ni orodha ya daktari wetu. Shosho alifanya yote manne kwa mwezi mmoja. Tofauti ni kwamba alipatikana na mama mboga wa Njiru.

Tunavyoishi naye sasa

Hakuna tiba. Kuna dawa zinazosaidia wengine kubaki na nguvu za akili kwa muda, na presha yake sasa inatibiwa ili mishipa isizidi kuharibika. Mengine yote ni sisi. Haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa daktari, mengine kwa makosa.

*Usishindane naye.* Hili ndilo lilibadilisha kila kitu. Siku hizi akisema askari wanakuja, namjibu, "Nimewasikia. Nimefunga mlango. Humu ndani tuko salama." Nashika mkono wake, tunaketi. Dakika kumi baadaye anaomba chai. Atasahau maneno yenu, lakini hofu au utulivu uliompa unabaki. Yule niliyempigia kelele alisahau kisa kabla ya chakula, lakini siku mbili nzima alikuwa anajikunyata nikiingia.

*Jioni ndio noma.* Wengi huchanganyikiwa zaidi jua likitua. Uchovu na vivuli vinachangia. Saa kumi na moja na nusu mimi nafunga pazia na kuwasha taa kabla giza halijaingia. Redio naweka nyimbo za kanisani za zamani, hizo anaziimba mwanzo mwisho bila kukosea.

*Ratiba moja.* Chai, kuota jua, kupepeta mchele, kulala kidogo, kutembea mpaka kwa kona. Kazi ndogo zinampa heshima. Mchele wetu hauna mawe tena, anaupepeta hata mara tatu.

*Nyumba.* Hapa nina kisa kingine cha aibu. Nilipata kibarua cha kupiga picha harusi, nikamfungia ndani kwa kufuli saa tatu hivi. Nilirudi nikasikia harufu ya gesi tangu kwenye ngazi. Alikuwa amefungua jiko akasahau kiberiti. Angekikumbuka, ningekuwa naandika kitu kingine leo. Usimfungie mtu ndani peke yake. Sasa nikimaliza kupika nafunga mtungi, kichwa cha gesi nakiondoa na kukificha. Visu viko juu. Milango ya ploti yetu inafanana yote, kwa hivyo tulifunga leso yake nyekundu kwa kitasa chetu, na tangu hapo hajaingia kwa jirani. Choo ni cha nje, usiku namsindikiza au tunatumia ndoo.

*Waambie watu.* Mwanzoni tulimficha. Tuliona aibu. Siku hizi mlinzi anajua, mama mboga anajua, vijana wa boda wana picha yake. Namba ya mathe imeshonwa ndani ya sweta zake zote. Aibu yetu ilikuwa hatari kuliko ugonjwa.

*Pesa na karatasi.* Laini yake ya M-Pesa sasa iko kwa mathe, na kila shilingi inaandikwa kwa daftari ambalo familia yote inaweza kuliona, pamoja na zile 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii kwa waliofika miaka 70. Daftari hilo limezuia vita. Baba mdogo alikuja Disemba na karatasi za shamba akitaka Shosho aweke kidole. Shosho alimwita kwa jina la kaka yake aliyekufa, kisha akanyoosha kidole kama mtoto. Mathe, ambaye ni mkaza mwana tu na hana sauti kwa mambo ya ardhi, alisimama akachukua ile karatasi akaikunja. "Hajui anachokubali, na wewe unajua hajui." Hawajaongea tangu siku hiyo. Kama mzee wako ndiyo anaanza kusahau, ketini sasa, akiwa bado anaweza kusema anachotaka.

Na wewe unayelea?

Watu husema niliacha chuo kwa sababu ya Shosho. Si kweli kabisa. Karo iliisha kwanza, mwaka wa pili, na kwa sababu nilikuwa nyumbani, kazi ya kumlea ikaniangukia. Fathe anaendesha lori Mombasa, mathe asiposhinda Gikomba hatuli. Mabeshte walimaliza, wengine wana kazi. Mimi nina ujuzi wa kubadilisha nepi ya mtu mzima bila kumvunjia heshima. Hakuna mtu anaweka hiyo kwa barua ya kuomba kazi.

Na nitasema hili pia. Kuna usiku, ameniamsha mara sita, niliomba Mungu amchukue. Kisha nikakaa macho mpaka asubuhi nikijiona shetani. Nilikuja kuyasema hayo kwa mara ya kwanza mbele ya walezi wengine, na mwanamke mmoja wa umri wa mathe akasema, "Mimi pia, jana." Vikundi kama hivyo vipo, shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya ni mojawapo ya wanaoviendesha. Kile kikundi hakikunipa pesa wala dawa. Kilinipa usingizi.

Sasa binamu yangu huja Jumatano na Jumapili mchana. Hizo saa ni zangu. Naandika, napiga picha, wakati mwingine nalala tu kwa sofa ya beshte. Familia zetu zinapenda kumsifu mmoja anayelea, "Mungu atakulipa", huku wengine kumi wanatuma emoji za maombi. Mwambie binamu yako kwamba maombi tumepokea, sasa alete Jumapili yake.

Kuhusu kichwa chako

Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu nusu ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi yanatuhusu sisi wa miaka ishirini na kitu: presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kukaa bila mazoezi, kusikia kunakoharibika, hewa chafu, upweke, na kugongwa kichwa. Msee wa boda, ile helmeti unayoning'iniza kwa mkono ni ya kichwa. Na wewe wa kuvaa spika masikioni sauti ikiwa mwisho, shusha kidogo.

Juzi jioni niliwasha taa mapema, nikafunga pazia, nikaweka nyimbo. Shosho aliniangalia sana. "Bwana yangu, kiwanda kimelipa?"

Zamani ningesema Guka alikufa. Nikamwambia, "Kimelipa. Tumepata vizuri mwaka huu."

Alifurahi mpaka akapiga makofi. Akachukua kipande cha gazeti kilichokuwa mezani, akakikunja mara nne, akakitia mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Hii usiguse," akaniambia. "Hii ni ya karo ya watoto."

Niko nayo mfukoni mpaka leo.